Kibuyu Kisichojua Ng'ombe

Vijana wangu wa kliniki ya watoto, siku mliyoniaga mlisema maneno mazuri mno, mpaka nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine amesimama. Mkaniomba niwaandikie mambo ya kazini. Basi nimekaa hapa kwangu Ujiji na daftari la mjukuu wangu, na nitajaribu. Vyeo sivitaji, vilichelewa kuja na havina kisa. Nitawaandikia habari ya soya, kwa sababu ndiyo mliyokuwa mkinitania nayo kila Jumatatu, na kwa sababu ndani yake mna kosa langu moja ambalo sikuwahi kuwaambia.

Kazi nilianzia kwenye zahanati ndogo ya mwambao wa ziwa, upande wa kwenda Ilagala. Nilifika na viatu vyeupe, vikawa vyekundu kabla ya saa nne. Mkubwa wangu alikuwa Sista Perpetua, mama wa Kiha kutoka Kasulu, mrefu, mwenye maneno machache na macho mengi. Nilidhani atanipeleka kwenye mizani. Badala yake alinipeleka kwenye benchi la akina mama, akaokota kikombe cha mtoto mmoja, akanisogezea puani.

"Nusa."

"Ninuse nini, Sista?"

"Kila kitu. Kikombe, chupa, kitambaa, kinywa cha mtoto. Mama anaweza kusahau kukuambia. Chombo hakisahau."

Nikanusa vikombe kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na moyoni nikisema, mimi nimesoma chuo kizima ili nije kunusa vikombe. Lakini siku hiyo hiyo tulipata kikombe chenye harufu ya pombe ya ndizi, na mama mwenyewe hakujua kwamba babu wa mtoto huwa anakiazima. Tulicheka wote, na babu alitafutiwa kikombe chake.

Mtoto wangu wa kwanza mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe nilimharibia. Naandika wazi ili msirudie. Alikuwa wa kiume, mwenye mwaka mmoja na nusu, kila akinywa maziwa midomo inavimba na mwili unatoka vipele vikubwa. Nikamwambia mama yake, kwa sauti ya mtu anayejua, aache ya ng'ombe, ampe ya mbuzi. Siku ya tatu alirudi, mtoto macho hayafunguki kwa uvimbe. Daktari aliyekuwa amepita kukagua ndiye aliyemtibu, kisha akanielewesha bila kunitukana: maziwa ya mbuzi na ya ng'ombe ni ndugu, mwili unaomkataa mmoja mara nyingi unamkataa na mwenzake. Mama yule alipita mbele ya meza yangu miezi mitatu akisalimia ukuta.

Ndipo nikapelekwa mafunzo ya lishe, nikarudi na gunia la soya na kiburi kipya. Niliwakusanya akina mama, nikapika mbele yao maziwa ya soya, nikawagawia, na wafanyakazi wenzangu pia. Nilikuwa na haraka. Sikuloweka vya kutosha, maganda niliyaacha, na nilipoona povu limepanda nikadhani imeiva. Soya ikichemka inatoa povu mapema sana, inakudanganya. Jioni ile foleni ya chooni ilikuwa ndefu kuliko ya sindano, na mganga mfawidhi alikuwa ndani yake. Kwa mwaka mzima ukitaja soya pale zahanati watu walishika tumbo.

Nikajifunza. Chagua punje, loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo. Sugua kwa viganja maganda yaelee, yaondoe. Zichemshe, kisha twanga au saga, chuja kwa kitambaa safi cha pamba, halafu rudisha jikoni uchemshe tena huku unakoroga, na povu likishuka bado usiondoke, hesabu kama muda wa kupika ugali na nusu yake. Makapi yanayobaki kwenye kitambaa ni chakula, usimpe kuku kabla hujaonja mwenyewe.

Na yale mliyonisikia nikiyarudia mpaka mkayasema pamoja nami kwa kuniiga: soya ya jikoni si ya mtoto mchanga. Mchanga ananyonya, na kama mzio unampata kupitia ziwa la mama, mama ndiye aache maziwa ya ng'ombe, tena kwa kushauriana na daktari. Mkubwa kidogo apewe soya pamoja na uji, mafuta, matunda, na dagaa wetu aliyesagwa mzima na mifupa yake, maana soya ya nyumbani peke yake haijengi mifupa. Na wapo wachache wanaokataa hata soya, kwa hiyo siku za kwanza kaa naye karibu, umwangalie.

Sasa nije kwa Devota.

Aliletwa na bibi yake mzaa baba, Bibi Yozefina, kutoka kijiji kilicho nusu saa kwa bodaboda. Mama wa mtoto alikuwa amefariki kwa homa Devota akiwa na miezi tisa. Baba, Filbert, ni mvuvi, usiku kucha yuko ziwani na mchana yuko kwenye nyavu. Mtoto alipokosa ziwa la mama alianzishiwa maziwa ya ng'ombe, na hapo ndipo shida ilipoanza: anatapika, anaharisha choo chenye damu, mashavu yamechanika kwa vipele. Alipofika kwetu alikuwa na mwaka na miezi miwili, na utepe wa kupimia mkono ulisomeka pabaya. Daktari wa mkoa alimwona, akathibitisha ni mzio wa maziwa ya ng'ombe, akasema tumwanzishie soya na chakula cha kushiba, mimi nifuatilie.

Bibi Yozefina alikuwa mfupi, safi, na alikuwa anasikiliza kwa kichwa kilichoinama upande mmoja. Nilimfundisha kupika mara moja tu. Akarudia kila hatua kwa mdomo, akaenda.

Wiki mbili mtoto akaongezeka kidogo. Kisha akarudi nyuma. Damu ikarudi, vipele vikarudi.

"Bibi, umempa maziwa?"

"Sijampa, Sista."

"Hata kidogo kwenye uji?"

"Hata tone. Mungu ananiona."

Alikuwa na ng'ombe mmoja nyumbani, nilijua. Na mimi nilikwishawaona mabibi wengi ambao mtoto akilia usiku huruma inawashinda, wanampa kile walichokunywa wao wakakua. Siku ya tatu ya kuulizana nikafikia uamuzi. Nikachukua kalamu nyekundu, ile ya hatari, nikaandika kwenye kadi ya mtoto: *Bibi anampa mtoto maziwa ya ng'ombe kwa siri. Hafai kulea.*

Sikuwa nimenusa kitu chochote. Nilikuwa mzoefu wakati huo, na uzoefu una ugonjwa wake.

Safari iliyofuata aliyemleta mtoto alikuwa Filbert mwenyewe. Nikampa kadi, ambayo nilikuwa nimebaki nayo. Alisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati.

"Jumamosi nitampeleka Gungu kwa dada yangu," alisema. "Atakaa huko moja kwa moja."

Nikamwambia amefanya jambo la maana. Nilimsifu kabisa.

Alhamisi nilipanda bodaboda kwenda kwa Bibi Yozefina. Msinisifu, sikwenda kwa wema. Nilitakiwa kuandika barua ya kumhamishia mtoto kliniki ya Gungu, na nilitaka kuandika kiasi gani cha maziwa alichokuwa anapewa. Nilikwenda asubuhi na bila taarifa, kama askari. Nilivyodhani mimi, Filbert alikuwa amemwambia mama yake tu kwamba shangazi anataka kumlea mtoto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Sista. Mwakeye? Karibu, kaa hapa, hapo kuna moshi."

Akanipa kigoda chake mwenyewe, yeye akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Devota alikuwa kwenye mkeka, anajikuna, analia ile sauti nyembamba ya mtoto aliyechoka kulia. Ukutani, kwenye msumari, palikuwa na mfuko wenye nguo zake, umekwishafungwa. Kando yake kulikuwa na kifurushi cha soya zilizochaguliwa punje kwa punje.

"Huko Gungu watajua kuloweka?" aliniuliza. "Watu wa mjini wana haraka. Waambie wasugue maganda. Yasipoondolewa tumbo linamsokota."

Nikamwambia watajua. Akaendelea na kazi, na mimi nikamtazama kila kidole. Alisugua, akaelesha maganda, akachemsha, akatwanga, akachuja kwa kitambaa cheupe kilichofuliwa mpaka kimekuwa chepesi. Akarudisha jikoni, povu likapanda, likashuka, hakuondoka. Alipika vizuri kuliko mimi. Hapakuwa na maziwa ya ng'ombe mahali popote, na nilianza kuona aibu lakini bado nikajiambia, anaigiza kwa sababu nipo.

Ilipopoa kidogo akanyanyuka, akanyoosha mkono juu ukutani, akateremsha kibuyu kutoka kwenye msumari wake. Kizuri, chekundu cha uzee, shingo imesukwa kwa ukindu. Akataka kumimina soya ndani yake.

"Bibi, hicho ni cha nini?"

"Ni cha maziwa. Nilipewa na mama yangu nilipoolewa, nikaja nacho kutoka Heru mpaka huku kwenye samaki." Akacheka kidogo. "Tangu ng'ombe azae tena, alfajiri kinakaa maziwa ya chai ya Filbert, akishakunywa nakisuuza kwa maji ya moto, nakifukiza moshi wa nyasi, ndipo naweka ya mtoto."

"Hukioshi kwa sabuni?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama huwa anaosha biblia kwa sabuni. "Kibuyu cha maziwa hakipigwi sabuni, Sista. Ng'ombe atakauka."

"Na kwa nini usiweke kwenye chombo kingine?"

"Kipi? Dumu?" Sauti yake ilipanda mara ya kwanza. "Mtoto hana mama. Chakula chake nikiweke kwenye dumu la plastiki kama mafuta ya taa? Nimempa chombo kilicho kizuri kuliko vyote vya nyumba hii."

Nikaomba kibuyu. Nikakiinua puani. Moshi, na chini ya moshi, uchachu wa maziwa uliolala humo miaka kwa miaka, umeingia kwenye nyama ya kibuyu. Kila siku soya safi ya yule mtoto ilikuwa inaogeshwa kwenye maziwa ya ng'ombe kabla ya kufika mdomoni. Kwa mtoto mwingine si kitu. Kwa Devota ilitosha. Nikamsikia Sista Perpetua, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu zamani, akiniambia chombo hakisahau. Nikarudi kwenye kigoda.

Nikamweleza. Alisikiliza na kichwa chake upande mmoja mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Kwa hiyo ni mkono wangu."

"Si mkono wako, Bibi. Ni chombo."

"Chombo ni changu."

Akakichukua kibuyu, akakifuta kwa upande wa kitenge, akakirudisha kwenye msumari wake. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na yeye akaniletea maji. Kuhusu maneno ya kadi sikumwambia. Bibi Yozefina hakujua kusoma, na nilijisemea kwamba asilolijua halitamuumiza. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Nikamfuata Filbert mwaloni, kule mitumbwi inakofika. Alikuwa anashona nyavu pamoja na wenzake, ikabidi niseme mbele yao, nikaona aibu hiyo ninaistahili.

"Filbert, usimpeleke mtoto Gungu."

"Sista, si wewe uliniambia nimefanya la maana?"

"Nilikosea. Mama yako hajampa mtoto maziwa. Ni kibuyu." Nikaeleza yote.

Hakuacha kushona. "Wino ule mwekundu ni wako?"

"Ni wangu."

"Juzi kadi inasema hivi, leo wewe unasema vile. Nikuamini lipi?"

"Usiniamini mimi. Nipe mpaka Jumamosi ya pili. Mtoto asipopata nafuu mpeleke, na mimi nitabeba mfuko wake."

Mzee mmoja aliyekuwa anasikiliza alimwambia kwa Kiswahili cha ng'ambo ya Kongo, "Mupe siku zake. Mama huyu anaomba vizuri." Filbert akakata uzi kwa meno. "Jumamosi ya pili," alisema.

Nikaenda nyumbani nikachukua birika langu la bati. Halikuwahi kuona maziwa, mimi chai yangu ni ya rangi tangu utotoni. Nikampelekea Bibi pamoja na kikombe kipya na kijiko kipya. Akavipokea kwa mikono miwili, ingawa nilimwona akilitazama lile birika kama mkwe asiyempenda. Siku zile nilipita kwake karibu kila jioni. Siku ya nne damu ilikoma. Siku ya saba mashavu yalianza kukauka, na Devota akalala mchana kwa mara ya kwanza bila kujikuna. Nilikuwa namwombea katika kila sala, nikitaja na birika.

Jumamosi ya pili Filbert alifika, akamwinua mtoto kwenye mwanga, akampapasa shavu upande huu na huu. Devota akamshika pua. Filbert akamweka chini, akauendea ule mfuko msumarini, akatoa nguo moja moja akazirudisha sandukuni. Bibi Yozefina akaendelea kuchuja soya, lakini macho yake yalikuwa kwenye ule mfuko na nyingine ikamwagika. Siku hiyo nilifurahi kuliko siku yoyote ya kazi yangu.

Kwenye kadi niliukata ule mstari kwa kalamu ya bluu, mchoro mmoja tu, wino mwekundu ukabaki unasomeka chini yake. Nilisema nitampatia mtoto kadi mpya. Sikumpatia.

Mvua zilipoanza, Bibi alipanda mbegu za kibuyu kwenye ua. Aliniambia birika langu ni zuri, lakini ni la chai. Akasubiri mmea utambae, utoe tunda, likomae, likauke, akalitoboa, akalisafisha kwa changarawe, akasuka shingo kwa ukindu mpya. Akagongelea msumari wa pili ukutani, mbali na ule wa kwanza. "Hiki hakijui ng'ombe," alisema, na ole wake mtu atakayevichanganya. Akina mama wa kijiji walianza kwenda kwake kujifunza soya, na nilipokuwa na mwanafunzi mgumu nilimtuma huko. Wale walionitania kwamba nimefungua tawi hawakukosea.

Devota alipofika miaka mitano hospitali walimjaribu na maziwa kidogo kidogo mbele ya daktari, maana watoto wengi mzio huu unawatoka wakikua, ila msithubutu jaribio hilo nyumbani. Ulikuwa umemtoka. Tukashangilia. Devota mwenyewe akaonja, akakunja uso, akasema yananuka ng'ombe. Leo yuko sekondari na bado hanywi.

Nikahamishiwa mjini, miaka ikapita, mkanikuta huko. Mnajua nilivyokuwa mkali kwa kalamu nyekundu. Niliwanyang'anya wengine wenu, mkasema bibi ana mambo yake.

Wiki mbili baada ya kuniaga nilikwenda kwa Bibi Yozefina. Amezeeka sana, haoni vizuri, lakini kichwa bado kinainama upande ule ule. Nikamwomba Devota alete kadi yake ya kliniki. Ilikuwa sandukuni, ndani ya kitambaa, pamoja na cheti cha ubatizo. Nikamwambia Bibi, kuna kitu niliandika hapa, na leo nimekuja kukusomea. Nikasoma mstari ule wote, mpaka *hafai kulea*. Devota aliangalia chini.

"Naujua," alisema Bibi Yozefina.

"Unaujua vipi?"

"Filbert alinisomea. Siku ile ile aliyotoka kwako."

Nikahesabu siku kichwani. "Basi asubuhi ile nilipokuja, ulikuwa unajua nimeandika hivi."

"Nilikuwa najua."

"Na ukanipa kigoda chako."

"Ulikuwa mgeni. Tena nilitaka unione ninavyopika."

Nilimwomba msamaha, kwa sauti, mbele ya mjukuu wake. Akanipigapiga goti kama mtu anayembembeleza mtoto, akamwambia Devota animiminie. Devota akateremsha kibuyu cha msumari wa pili, akanijazia kikombe. Nilikipokea na, kwa mazoea tu, kabla sijanywa nikakisogeza puani. Nikajishtukia, nikaona haya.

Bibi Yozefina alikuwa anacheka. "Nusa, mwanangu," alisema. "Nusa tu. Safari ile uliandika bila kunusa."